Kabla ya nguvu ya tano, tumalize hesabu za zile nne

Tarehe 7 Aprili 2021 dunia iliambiwa kwamba huenda nguvu ya tano ya maumbile imenaswa, ya kuongezea zile nne tunazozijua: mvutano, umeme na sumaku, nguvu kali na nguvu hafifu. Habari zilitoka Fermilab, maabara iliyo nje kidogo ya jiji la Chicago, ambako chembe iitwayo muoni ilionekana ikiyumba ndani ya sumaku kwa kasi inayopita kidogo ile iliyotabiriwa na nadharia. Tofauti hiyo ilifika sigma 4.2, sigma ikiwa kipimo cha umbali wa tokeo kutoka kwenye bahati tupu. Kwa lugha ya kawaida, uwezekano wa bahati tupu kuleta tofauti kubwa kiasi hicho ni kama mmoja katika elfu arobaini.

Miaka minne baadaye, tarehe 3 Juni 2025, maabara ileile ikatoa kipimo chake cha mwisho. Hakikuwa kimehama. Kilikuwa kimezidi kuwa kikali tu: 0.001165920705, na shaka iliyobaki ni sehemu 127 katika bilioni, chini hata ya sehemu 140 walizojiwekea kuwa lengo tangu mwanzo. Kwa usahihi huo ungepima barabara ya kilomita elfu moja ukakosea kwa sentimita kumi na tatu. Lakini safari hii vichwa vya habari vilikuwa vichache na vya upole, kwa sababu nguvu ya tano ilikuwa imeyeyuka. Kipimo hakikuiyeyusha. Iliyeyushwa na watu waliokuwa wakirudia hesabu za mambo tunayodhani tumeyajua zamani.

Nadhani kisa hiki kinaeleza hali ya utafutaji wa fizikia mpya kuliko mjadala wowote kuhusu mashine ipi ijengwe wapi. Tumezoea kumsifu anayeona kitu kisichotarajiwa. Anayetuambia kwa uhakika nini kilitarajiwa tunamsahau, na mara nyingi kazi yake ndiyo iliyo dhaifu kuliko zote mbili.

Muoni ni ndugu wa elektroni: chaji ileile, uzito mara 207 hivi. Maisha yake ni mafupi, wastani wa mikrosekunde 2.2, kisha inavunjika. Carl Anderson na Seth Neddermeyer waliigundua mwaka 1936 katika miale itokayo angani, na hadi leo hakuna aliyetoa sababu ya kuridhisha ya kuwapo kwake. Kama elektroni, kila muoni ni sumaku ndogo. Nadharia aliyoitoa Paul Dirac mwaka 1928 ilisema namba inayoeleza usumaku wa chembe ya aina hii ni 2 kamili. Mwaka 1948 Julian Schwinger akaonyesha kwamba thamani halisi inazidi hiyo 2 kwa uwiano wa 0.00116 hivi, kwa kuwa chembe hutoa fotoni, yaani chembe ya mwanga, na kuimeza tena papo hapo. Fomula yake, alfa gawanya kwa pai mbili, imechongwa kwenye jiwe la kaburi lake. Tarakimu ya Fermilab ni ziada hiyohiyo, ikiwa imebeba pia mchango wa kila chembe nyingine inayozuka na kutoweka kandokando ya muoni kwa kitambo kisichopimika. Kila chembe, ziwe tunazozijua au tusizozijua.

Hapo ndipo mvuto wote ulipo. Huna haja ya kuitengeneza chembe mpya. Unaitambua kwa athari yake. Unapima muoni, unakokotoa mchango wa vyote vinavyojulikana, unatoa, unaangalia kilichobaki. Mnunuzi wa karafuu Pemba hufanya hivyohivyo: anapima gunia lililojaa, kisha anaondoa uzito wa gunia tupu. Asipoujua uzito wa gunia tupu, mizani yake hata iwe bora namna gani haitamwambia amenunua karafuu kilo ngapi.

Na mizani ya Fermilab ilikuwa bora kweli. Pete yake ya sumaku ilijengwa kwanza Brookhaven, huko Long Island katika jimbo la New York, ikakusanya takwimu kati ya 1997 na 2001, na ndiko dalili za tofauti zilikoanzia. Kwa kuwa kujenga nyingine kungegharimu zaidi ya kuihamisha, mwaka 2013 koili zake zenye upana wa mita 15 hivi zilipakiwa kwenye tishari, zikateremshwa kando ya pwani ya Atlantiki, zikaizunguka Florida, zikapandishwa kwa njia za mito hadi Illinois, kisha zikavutwa na lori usiku barabara zikiwa zimefungwa. Zaidi ya kilomita elfu tano, na zilitakiwa zisipinde zaidi ya milimita chache. Ndani ya pete hiyo walipitisha kitoroli chenye vipima-sumaku kila baada ya siku chache ili wajue nguvu ya sumaku katika kila sehemu ya duara.

Ila linalonivutia zaidi ni saa. Saa ya jaribio ilichezewa makusudi: kasi yake halisi waliijua watu wawili tu wasiokuwa katika kundi la watafiti, na wao waliifungia kwenye bahasha. Waliokuwa wakichambua takwimu walifanya kazi kwa miaka bila kujua jibu lao linaelekea wapi, wasije wakavutwa na matamanio yao bila kujitambua. Bahasha ilifunguliwa pale tu kundi zima lilipokubali kwamba uchambuzi umekamilika. Najua sehemu nyingi za maisha ya umma ambazo zingefaidika na bahasha ya namna hiyo.

Sasa tugeukie gunia tupu. Mchango wa nguvu ya umeme na sumaku umekokotolewa kwa undani wa kutisha. Toichiro Kinoshita wa Chuo Kikuu cha Cornell na wenzake walifikia daraja la tano la hesabu hiyo, ambalo lina michoro zaidi ya 12,000, kila mchoro ukiwa na fomula yake. Mchango wa nguvu hafifu, wenye chembe za W, Z na Higgs, ni mdogo na unajulikana vizuri. Shida yote imekaa kwenye nguvu kali, ile inayofunga kwaki, chembe zinazounda protoni, ndani ya protoni, kwa sababu katika nishati ndogo nguvu hiyo haikubali kukokotolewa hatua kwa hatua.

Kuna njia mbili za kuizunguka shida hiyo. Ya kwanza ni kuazima vipimo: maabara za Novosibirsk, Frascati, Stanford na Beijing zimegonganisha elektroni na pozitroni, yaani elektroni zenye chaji chanya, kwa miaka mingi na kuhesabu chembe zinazotoka, hasa jozi za pioni, chembe nyepesi zilizoundwa na kwaki, na ipo fomula inayogeuza hesabu hiyo kuwa mchango wa muoni. Ya pili ni kuigawa nafasi na wakati kuwa nukta nyingi zilizopangwa kama kimia na kuiachia kompyuta kuu itatue milinganyo ya kwaki moja kwa moja. Mwaka 2020 kundi la kimataifa la wanadharia lilitoa thamani rasmi kwa kutegemea njia ya kwanza, kwa kuwa ile ya pili ilikuwa bado na shaka kubwa mno. Thamani hiyo ndiyo iliyolinganishwa na kipimo cha 2021. Ndiyo iliyozaa nguvu ya tano.

Siku ileile ya 7 Aprili 2021, jarida la Nature lilichapisha kazi ya kikundi cha BMW, kifupi cha Budapest, Marseille na Wuppertal. Kilikuwa kimetumia njia ya kimia na kupata jibu lililo karibu zaidi na kipimo cha Fermilab. Tofauti ya kutisha haikuwapo. Matokeo mawili yalitoka siku moja, moja likisema kuna fizikia mpya na jingine likisema subirini kidogo, na sote tunajua lipi lilifika kwenye televisheni.

Mwaka 2023 mambo yakazidi kuchanganya. Jaribio la CMD-3 la Novosibirsk lilipima upya jozi za pioni, likapata kiasi kikubwa kuliko majaribio yote yaliyotangulia, likiwemo CMD-2 lililofanyika katika taasisi ileile. Ukiamini CMD-3, sehemu kubwa ya tofauti ya muoni inatoweka. Ukiamini ya zamani, inabaki. Wataalamu waliwahoji watu wa Novosibirsk kwa miezi na hawakupata kosa. Basi Mei 2025 wanadharia walewale wakatoa thamani mpya inayotegemea njia ya kimia: 0.00116592033. Ukiilinganisha na wastani wa vipimo vyote duniani, tofauti ni 38 katika tarakimu za mwisho na shaka yake ni 63. Ni sawa na kusema hakuna kitu.

Zingatia kwamba shaka ya upande wa nadharia sasa ni 62, kubwa kuliko ile 43 ya mwaka 2020. Shaka ya kipimo ni 14.5. Mizani imekuwa sahihi mara nne kuliko ujuzi wetu wa gunia tupu, na hata kama kuna punje ya fizikia mpya humo ndani, kwa sasa hatuwezi kuiona.

Wala si mara ya kwanza. Mwaka 2001 Brookhaven ilitangaza tofauti ya sigma 2.6. Miezi michache baadaye Marc Knecht na Andreas Nyffeler waligundua kwamba kipande kimoja cha hesabu ya nadharia, kilichokuwa kikitumiwa na wote, kilikuwa na alama ya kutoa mahali pa kujumlisha. Tofauti ikashuka hadi sigma 1.6. Kinoshita mwenyewe alikuwa miongoni mwa waliokosea, akakiri waziwazi, na chanzo kikaonekana kuwa kaida ya alama ndani ya programu ya kompyuta. Sioni aibu katika hilo. Ninachokiona ni kwamba watu wawili wenye subira walibadilisha maana ya jaribio la mamilioni ya dola bila kugusa sumaku.

Ukishaushika uzi huu utauona kila mahali. Machi 2021 jaribio la LHCb huko CERN, maabara ya Ulaya ya fizikia ya chembe, lilitangaza kwa sigma 3.1 kwamba kwaki za aina ya b, zikivunjika, zinabagua kati ya elektroni na muoni, jambo ambalo Modeli Sanifu, nadharia kuu ya chembe na nguvu zake, inalikataza. Desemba 2022 dai likafutwa: chembe nyingine zilikuwa zikijifanya elektroni ndani ya vigunduzi kuliko ilivyodhaniwa. Machi 2014 kundi la BICEP2, lenye darubini katika Ncha ya Kusini, lilitangaza alama za mawimbi ya mvutano kutoka sehemu ndogo mno ya sekunde ya kwanza kabisa ya ulimwengu. Kulikuwa na shampeni. Mwanzoni mwa 2015, baada ya kuunganisha takwimu zao na za chombo cha angani cha Planck, ikabainika kwamba walichokiona kingeweza kuelezwa na vumbi la galaksi yetu wenyewe. Vumbi! Hakuna kitu cha kawaida kuliko hicho, na hakukuwa na ramani nzuri yake.

Haki itendeke: si kila tofauti hufia kwenye hesabu ya yanayojulikana. Aprili 2022 kundi la CDF, papo hapo Fermilab, lilitoa uzito wa chembe ya W wa megaelektronivolti 80,433.5, sigma saba juu ya nadharia. Hapa nadharia ilikuwa imara. Septemba 2024 jaribio la CMS la CERN likapata 80,360.2 kwa usahihi unaokaribiana na wa CDF, na hiyo inakaa vizuri na Modeli Sanifu. Mmoja kati ya hao wawili amepima vibaya, na wengi, mimi nikiwemo, tunaelekeza macho kwa CDF kwa sababu imebaki peke yake.

Wakosoaji wa taaluma hii huyachukua mazishi yote haya kuwa ushahidi kwamba wanafizikia wa chembe wanafukuza vivuli. Kuna pahala wana haki. Desemba 2015 wakati CERN ilipoonyesha kivimbe kidogo cha takwimu kwenye gigaelektronivolti 750, makala za nadharia kama mia tano ziliandikwa kukieleza kabla hakijatoweka Agosti iliyofuata. Makala mia tano kuhusu kitu ambacho hakikuwapo! Laiti nusu ya nguvu hiyo ingeenda kwenye pioni za Novosibirsk.

Lakini hoja ya wakosoaji inaanguka ikifika kwa Ray Davis. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, Davis alihesabu nyutrino za jua, chembe zisizo na chaji zinazopenya karibu kila kitu, kwa tangi la lita 380,000 za kimiminika cha kusafishia nguo bila maji, chini kiasi cha kilomita moja na nusu katika mgodi wa dhahabu wa Homestake, South Dakota. Alikuwa akitafuta atomu chache za agoni katika bahari hiyo ya klorini. Alipata takriban theluthi moja ya nyutrino zilizotarajiwa, na akaendelea kupata theluthi hiyohiyo kwa miongo. Aliyekokotoa kilichotarajiwa alikuwa John Bahcall. Karibu kila mtu aliamini kwamba mmoja wao amekosea: ama kemia ya Davis inapoteza atomu, ama Bahcall hajui kilichomo tumboni mwa jua.

Bahcall angeweza kuchoka. Badala yake alitumia zaidi ya miaka thelathini kuihakiki modeli yake ya jua, kiwango kwa kiwango: kasi ya kila mmenyuko wa kinyuklia, kiasi cha heliamu, namna mwanga unavyopenya tabaka za ndani. Baadaye wapimaji wa mitetemo ya uso wa jua walipata kasi ya sauti ndani yake, ikalingana na modeli hiyo kwa usahihi wa kushangaza. Kuanzia hapo visingizio vilikwisha. Kama jua lilikuwa sawa na Davis alikuwa sawa, basi nyutrino ndizo zenye siri. Mwaka 1998 kigunduzi cha Super-Kamiokande cha Japani kilionyesha nyutrino zinazozaliwa angani zikibadilika aina, na mwaka 2001 na 2002 kituo cha Sudbury, Kanada, kikathibitisha kwamba zile za jua hufika zote, ila theluthi mbili zimeshageuka aina nyingine. Nyutrino zina uzito, jambo ambalo Modeli Sanifu kama ilivyoandikwa mwanzo haikuwa nalo. Ni fizikia mpya, ya kweli, imethibitishwa.

Davis alipewa Nobeli mwaka 2002, Takaaki Kajita na Arthur McDonald mwaka 2015. Bahcall alifariki 2005 bila kuipata. Ugunduzi wenyewe ni tofauti kati ya namba mbili, na moja ilikuwa yake.

Ndiyo maana leo, jicho langu moja likiwa kwenye ulimwengu mkubwa, natulia kidogo kabla ya kushangilia. Kifaa cha DESI kilichopo Kitt Peak, Arizona, kinanasa mwanga kwa nyuzi 5,000 zinazosogezwa na roboti ndogo. Machi 2025, kikiwa na ramani ya galaksi na kwasa (viini vya galaksi vinavyong'aa mno) karibu milioni 15, kilitoa dalili kwamba nishati ya giza, ile inayosukuma ulimwengu kutanuka kwa kasi zaidi, huenda inadhoofika kadiri wakati unavyokwenda. Dalili hiyo ni kati ya sigma 2.8 na 4.2. Inategemea nini? Inategemea umechagua orodha ipi ya supanova, yaani nyota zilizolipuka, kuchanganya na takwimu za DESI. Na orodha iliyotoa 4.2, baada ya wenyewe kurekebisha upya urari wa vipimo vya mwanga wao, ikashuka hadi 3.2.

Bado ni dalili nzuri, na takwimu za DESI zenyewe nazipenda. Hata hivyo swali lililobaki halihusu asili ya nishati ya giza kwanza. Linahusu darubini tofauti, vichujio tofauti na miongo tofauti, na iwapo mng'ao wa supanova ya karibu umepimwa kwa rula moja na ule wa supanova ya mbali. Ni kazi ya kuchosha na haitampa mtu jina.

Haya yana uzito wa fedha pia. CERN inapendekeza handaki la kilomita 91 chini ya mpaka wa Uswisi na Ufaransa, kwa takriban faranga bilioni 15 za Uswisi katika awamu ya kwanza. Wengi wanadhani ni mashine ya kugonganisha kwa nguvu ili chembe mpya zitoke. Awamu hiyo kwa kweli ni ya usahihi: ingezalisha chembe za Z kwa matrilioni, wakati mashine ya LEP, iliyotumia handaki la sasa hadi mwaka 2000, iliwapa watafiti kama milioni 17. Mimi ningeiunga mkono. Ila kipimo cha namna hiyo kitakuwa bure kama hesabu za nadharia hazitaboreshwa kwa kiwango kilekile, na hesabu hizo zinahitaji watu waliofundwa miaka kumi, wenye ajira za kudumu, wanaosifiwa kwa kazi isiyo na habari. Ajira hizo ni chache hata leo, na kijana mwenye akili anajua makala kuhusu kivimbe kipya itamfikisha mbali haraka zaidi.

Kuhusu muoni, kazi inaendelea. Japani, katika kituo cha J-PARC, inaandaa kipimo kwa mbinu tofauti kabisa, yenye muoni za polepole na sumaku ndogo. CERN ina mradi wa MUonE, unaokusudia kuupata mchango wa nguvu kali kwa kugonganisha muoni na elektroni, bila kuazima chochote kutoka kwa pioni. Vikundi kadhaa vya njia ya kimia vinapunguza shaka yao. Kati ya vyote hivyo ninachokisubiri kwa hamu ni jibu la ugomvi wa CMD-3 na waliomtangulia, kwa sababu humo hakuna nguvu ya tano, wala nishati ya giza, wala ulimwengu sambamba. Kuna elektroni, pozitroni na pioni mbili, vitu vilivyomo katika vitabu vya chuo tangu zamani, na maabara zilizovipima hazikubaliani.